Sikuhesabu majani ya ng'ombe

Kilikuwa kipande cha nne kati ya sita. Mita 800, Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande bado umelala kwenye nyasi za uwanja wa shule na Mlima Kilimanjaro uko wazi hadi kileleni. Vipande vitatu vya kwanza binti ninayemfundisha mbio alivikimbia kwa 2:46, 2:45 na 2:47. Cha nne saa yangu ikasoma 2:58.

Akaja akasimama mbele yangu, mikono kwenye magoti, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Mwalimu, miguu haipo."

Nikamjibu bila kuinua macho kwenye daftari. "Kaza. Vimebaki viwili tu."

Akakaza. Cha tano, 3:11. Cha sita alikimaliza bega moja limeshuka na kichwa kimelala upande, na mimi nikaandika 3:20 kwa kalamu ileile niliyoandikia namba nyingine zote. Nikapuliza filimbi, nikawaambia wote wakanyooshe viungo.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa Novemba. Tangu siku hiyo sauti yake haijaniacha. Nasahihisha madaftari, inarudi. Nimepanda daladala kwenda mjini, inarudi.

Ile 3:20 hainisumbui sana. Kinachonichoma ni kwamba alinitii.

## Siku ya tatu

Sina haja ya kueleza upya kilichotokea Tokyo Septemba 2025. Sote tumeitazama ile picha ya utepe mara zisizohesabika: Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros wameandikiwa muda mmoja, 2:09:48, wametenganishwa na sekunde 0.03, na dhahabu ya marathoni ikaja Tanzania. Wiki iliyofuata kikundi changu cha wakimbiaji sita kikawa cha kumi na wanne. Watoto walikuja na raba za kuazima. Wengine walikuja peku.

Na mimi nikawaka.

Mpaka wakati huo tulikuwa na siku mbili ngumu kwa wiki, Jumanne intavo, vile vipande vya kasi, na Ijumaa mbio ndefu kidogo za kasi. Nikasema hapana, tukitaka kufika tunakopaswa kufika, lazima tufanye kama wanavyofanya Kaptagat, Kenya. Kule kambini kwa Eliud Kipchoge, chini ya kocha Patrick Sang, yule aliyechukua fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji Barcelona 1992, siku ngumu ni tatu: Jumanne uwanjani, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi fatleki, yaani mbio za kubadilisha kasi njiani. Nikachukua rula, nikachora ratiba mpya, nikaibandika ukutani. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Chini ya Jumapili niliandika "mapumziko kamili" nikapiga mistari miwili.

Ilipendeza kuiangalia.

Huyu binti ndiye niliyemwekea matumaini makubwa kuliko wote. Ana miaka kumi na minane, mwepesi, hana maneno mengi. Lengo letu lilikuwa kilomita 21 za Kili Marathon. Wiki tatu za kwanza alizidi kuwa mzuri, na hilo likanithibitishia kwamba niko sahihi. Wiki ya sita alianza kusuasua. Wiki ya nane alipata mafua yasiyoisha. Nikasema ni msimu wa mvua za vuli, kila mtu ana mafua.

## Nafasi ya katikati

Usingizi ulipokataa nilirudi kwenye mambo ya msingi, kama mtu anayesoma upya maelekezo ya dawa baada ya kuona mgonjwa haponi.

Intavo. Tunalitamka neno hili kila wiki na sikuwahi kujiuliza lina maana gani. Maana yake ni nafasi iliyopo kati ya kitu na kitu. Zoezi letu gumu kuliko yote limepewa jina la ule muda ambao mtu hakimbii.

Miaka ya 1930 huko Ujerumani, kocha Woldemar Gerschler na daktari Herbert Reindell walikuwa wakiwapima wakimbiaji mapigo ya moyo. Utaratibu wao ulikuwa rahisi: kimbia kipande kifupi mpaka moyo ufike mapigo kama 180 kwa dakika, kisha pumzika mpaka yashuke hadi 120, ndipo uanze tena. Yakichelewa kushuka, kazi imezidi, na kwa siku hiyo basi. Waliamini kwamba moyo unajengeka katika kule kushuka. Wataalamu waliokuja baadaye hawakukubaliana na kila walichosema kuhusu moyo, lakini Rudolf Harbig, mwanafunzi wa Gerschler, alikimbia mita 800 kwa 1:46.6 pale Milan mwaka 1939, na rekodi hiyo ya dunia ikakaa miaka 16 bila kuguswa.

Sasa tazama nilichokuwa nafanya mimi. Mbio nilizipima hadi nukta ya sekunde. Mapumziko nilikuwa nayakata. Dakika tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja na nusu, na kila nilipokata nilijisikia kocha makini. Sikuwahi hata siku moja kuweka vidole viwili shingoni kwa mtoto nikahesabu mapigo kwa sekunde kumi nikazidisha mara sita. Kitu kisichohitaji hata senti moja.

Nilijua kabisa mwili unavyofanya kazi. Nimefundisha baiolojia miaka tisa. Intavo inabomoa. Nyuzi za misuli zinachanika kidogo kidogo, akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli inaliwa na inahitaji siku nzima au zaidi kujazwa, hata kwa mtu anayekula vizuri. Kujenga kunafanyika baadaye, mtu akiwa amelala, akiwa amekula, akiwa anakimbia izi, yaani taratibu, huku anaongea na mwenzake. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Nilikuwa nimewatuma watoto kuchuma juani na sikuwa nimewauliza kama wana kivuli.

## Jumapili

Nilipanda kwao Jumapili moja mwanzoni mwa Desemba, mchana baada ya ibada. Njia ni ile ya kwetu Kibosho, migomba huku na huku, mfereji unapiga kelele pembeni. Nilimkuta bibi yake amekaa kizingitini anamenya ndizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, mwalimu. Mwenzako ameshuka kukata majani, sasa hivi anarudi."

Nikakaa. Nikapewa kikombe cha maziwa ya moto. Baada ya kama nusu saa nikaona kitu kinapanda kijinjia cha kihamba, shamba la migomba la nyumbani, na kwa sekunde chache sikuelewa ninachokitazama. Ulikuwa mzigo wa majani mabichi mpana kuliko mlango, na chini yake miguu miwili iliyovaa kandambili. Uso haukuonekana, majani yalikuwa yameuangukia. Mundu umechomekwa kwenye kanga kiunoni. Alikuwa anapanda kwa hatua fupi, mkono mmoja juu umeshika mzigo, mwingine unatafuta mizani hewani, na pumzi yake nilikuwa naisikia kabla hajanifikia. Pumzi ile naijua. Ndiyo ile ya mzunguko wa pili wa mita 800.

Alipoutua, ardhi ilitoa sauti. Ngata yake ya majani makavu ya mgomba ilikuwa imelowa jasho mpaka imebadilika rangi.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, akificha mikono nyuma.

Nikamuuliza ametoka wapi na mzigo huo. Akaonyesha kwa kidevu kule chini, tambarare, nisikokuona kwa sababu ya migomba. Saa moja na zaidi kupanda, tena mlima wenyewe ni huu wetu.

"Hii ni safari ya pili," akasema. "Ya kwanza nilienda alfajiri."

Niliinama nikajaribu kuunyanyua ule mzigo. Nikaufikisha magotini nikaurudisha chini.

Kumbe kila Jumapili na kila Jumatano. Zile siku mbili ambazo kwenye ratiba yangu zilikuwa za kupumzika na za izi. Kwenye daftari langu, wiki kumi mfululizo, Jumapili zake zote zina sifuri.

Wakati ananisindikiza hadi barabarani nilimuuliza taratibu, mwanamke kwa mwanamke, kuhusu hedhi. Akatazama chini. Mara ya mwisho ilikuwa mwezi wa tisa. "Nilidhani kwa wanaokimbia ni kawaida, mwalimu."

Hapana, mwanangu, si kawaida. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 2014 iliipa hali hii jina lake la kitabibu, na maelezo yake kwa lugha ya nyumbani ni haya: chakula kinachoingia hakitoshi kwa kazi inayofanyika, basi mwili unaanza kuzima vyumba. Unazima uzazi, unapunguza kujenga mifupa, unaacha kinga ishuke. Mafua yasiyoisha. Tulipompeleka hospitali wiki ile, kipimo cha wingi wa damu, hemoglobini, kilikuwa 9.6, pungufu. Daktari alimpa vidonge vya madini ya chuma, akaniuliza mimi, si yeye, anakimbia mara ngapi kwa wiki. Nikataja siku tatu ngumu. Akaandika, hakusema kitu.

## Kitanda

Nilichukua siku tatu za Kaptagat nikaacha nne.

Nimelifikiria hili kwa siku nyingi na sasa naliona wazi. Kambi ile ina kocha na barabara ya vumbi kama yetu, lakini juu ya yote ina kitanda. Mtu akimaliza Jumanne ngumu, anakunywa chai, analala mchana, na Jumatano anakimbia taratibu kiasi kwamba mgeni anaweza kwenda sambamba naye akapiga soga. Kipchoge mwenyewe amesema mara nyingi kwamba mazoezini hajimalizi, anaacha akiba. Ni kweli kwamba wanafanya kazi za mikono pale, wanafua, wanasafisha vyoo kwa zamu, hata yeye mshindi wa Olimpiki mara mbili. Ila zamu ni ya watu wengi. Hakuna anayepanda mlima saa nzima na mzigo kichwani kisha akaambiwa leo ulikuwa umepumzika.

Kuna kisa cha Roger Bannister ninachokipenda sana. Aprili 1954 alikuwa anapiga yadi 440 mara kumi, na hata afanye nini muda haushuki chini ya sekunde 61. Akaacha. Akaenda na rafiki yake Chris Brasher kupanda milima Uskochi kwa siku chache, akarudi, akapumzika, na aliporudi uwanjani zikatoka 59. Tarehe 6 Mei akakimbia maili moja kwa 3:59.4, wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika nne. Makocha tunakisimulia kisa hiki kuonyesha nguvu ya kupumzika, na ni kweli. Lakini safari hii nilipokisoma nilisimama mahali pengine: Bannister aliweza kuondoka. Alikuwa na ruhusa ya kuacha kila kitu na kwenda.

Binti yangu hawezi kumuacha ng'ombe.

Tunapomwambia mkimbiaji "pumzika" tunasema kana kwamba kupumzika ni kutofanya kitu, na kutofanya kitu hakuna gharama. Kwa msichana wa kijijini kupumzika kuna bei, na kuna mtu mwingine lazima ailipe. Mvulana niliye naye kikundini, nyumba ya tatu kutoka kwao, Jumapili anacheza draft barazani hadi jioni. Nimekuwa nikiwalinganisha hawa wawili kwa saa ileile moja.

## Wanaosema mzigo ndio uliotutengeneza

Nilipomweleza kocha mwenzangu, mtu mzima ninayemheshimu, alitikisa kichwa. "Sisi sote tumekulia mizigo. Ukianza kuwahurumia, hutapata mkimbiaji."

Hoja yake si ya kutupwa. Wapo waliochota maji, wakachunga, wakatembea kilomita nyingi kwenda shule, wakatoka hapo wakashinda dunia. Miguu ya huyu binti, ile nguvu ya kiuno anayoonyesha kwenye mwinuko wa Mweka, sina shaka majani yamechangia. Kwa siku kadhaa nilihisi huenda mzee ana haki, na kwamba mimi nimeanza kulegea kwa sababu ya kisa kimoja.

Ndipo nikafungua daftari la mwaka mzima. Machi hadi Agosti, siku mbili ngumu kwa wiki, na majani yaleyale Jumapili na Jumatano, maana nilimuuliza: amekuwa akiyabeba tangu darasa la sita. Miezi ile sita muda wake ulikuwa unashuka taratibu bila kurudi nyuma. Hakuumwa hata mara moja.

Kwa hiyo mzigo haukumvunja. Alikuwa ameshaujengea mwili unaoubeba.

Kilichomvunja ni Alhamisi yangu, iliyokuja asubuhi baada ya majani ya Jumatano. Nilimwekea juu ya kikapu kilichokwisha kujaa, kwa sababu mimi nilikuwa nakiona kitupu.

Nikiwa na miaka 22 niliwahi kukimbia wiki tatu juu ya ufa wa mfupa wa ugoko kwa kuwa niliogopa kumwambia kocha wangu kwamba naumia. Kwetu anayesema amechoka anapewa jina. Ukiulizwa hali, unajibu "tunapambana," hata kama unaanguka. Nilijiapiza kwamba sitakuwa kocha wa namna ile. Na binti huyu alivuka woga ambao mimi sikuuvuka, akafungua mdomo, akasema miguu haipo.

## "Ng'ombe hajui mbio"

Kuzungumza na bibi hakukuwa kwepesi. Nilianza na maneno ya kitaalamu, nikaona macho yake yanahama. Akanikatiza kwa upole.

"Mwalimu, ng'ombe hajui mbio. Akikosa majani Jumapili, Jumatatu hakuna maziwa. Madaftari, sabuni, hizo raba zake, vyote vinatoka kwenye maziwa."

Sikuwa na jibu. Tulikaa kimya, yeye anamenya, mimi namsaidia kumenya. Mwishowe nikaacha kuomba majani yapungue. Nikauliza tu baada ya majani kuna nini. Kuna kuchota maji, kuna vyombo, kuna kupika. Hapo bibi akasema vyombo na maji ya Jumapili jioni na Jumatano jioni mdogo wake atafanya, ni wa kiume lakini ana mikono. Na Jumatatu na Alhamisi akirudi shule atalala kidogo kabla ya kushika kitu chochote. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulitegemea: "Hajawahi kuniambia amechoka. Ningejua."

Ratiba ya ukutani nimeichana. Siku ngumu ni mbili, Jumanne na Ijumaa, kila moja ikiwa siku mbili baada ya majani. Kwenye daftari nimeongeza safu mpya kwa kila mtoto, nimeiandika "nyumbani." Siku ya majani nahesabu kama siku ya kazi. Wakati wa mavuno, au kukiwa na msiba au harusi nyumbani, siku ngumu inabaki moja na sijadili. Wote wanakula uji wa maziwa kabla ya kwenda darasani. Wazazi wawili wamekubali kuchangia. Jina lake nimelitoa kwenye kilomita 21. Hakunisemesha kwa siku mbili, kisha akaja kama kawaida. Damu inapanda. Hedhi bado, na tunasubiri.

Jumanne iliyopita tulipanga vipande vinne. Alikimbia 2:44, 2:44, 2:43, na mguu ulikuwa unagusa nyasi kwa namna ambayo sijaiona tangu Agosti. Nikaweka vidole shingoni kwake. Baada ya dakika mbili, mapigo 23 kwa sekunde kumi. Baada ya tatu, 22. Hayashuki hadi 20, yaani 120 kwa dakika. Nikamwambia atembee mzunguko mmoja. Wenzake walikuwa wameshajipanga.

Akarudi akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. "Mwalimu, leo naishia hapa."

Lile neno lilinifikia mdomoni. Kimebaki kimoja tu, na alikuwa anakimbia vizuri vile, na jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa uwanja. Nililimeza. Nikaandika muda wa vipande vitatu, na pembeni yake: amesimamisha mwenyewe.